MTOTO AKIKULETEA KAZI YAKE, UTAANZA NA NENO GANI?

Ndugu msomaji, huenda na wewe yamekwisha kukufika. Umerudi nyumbani jioni, umechoka, hujavua hata viatu, na mtoto amesimama mbele yako na daftari mkononi. "Mama, hebu tazama nilichochora." Au, "Baba, nisikilize nisome." Neno utakalolitoa katika dakika ile ni dogo sana kwako, kwake yeye ni hukumu. Makala haya yanahusu neno hilo. Siyaandiki kwa kuwa mimi ni hodari wa jambo lenyewe. Nayaandika kwa kuwa nililikosea, na kosa langu lilikuwa na mizizi mirefu kuliko nilivyodhani.

Mwezi Julai nilikwenda Iringa kumsalimu kaka yangu, ambaye nyumba yake iko Mlandege. Aliyepata kuijua Iringa ya Julai hana haja ya kuelezwa baridi yake. Jua likishatua, mtu hutafuta jiko la mkaa kabla hajatafuta chakula. Basi tulikuwa tumelizunguka jiko, wifi yangu akimenya viazi, kaka akiwa bado hajarudi sokoni, ndipo binti yao mdogo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alipokuja, akapiga goti, akaniamkia, "Shikamoo, shangazi," kisha akaniwekea daftari la michoro mapajani.

"Shangazi," alisema, "mwalimu wetu wa klabu ya maigizo ametuambia ule mchezo tuliouigiza shuleni tuufanye video kwa simu. Kabla ya kupiga picha kila mtu achore hadithi kwanza. Wewe ni mwandishi wa gazeti. Naomba uniambie kama inafaa."

Nililifungua. Kurasa nne, kila ukurasa visanduku sita, jumla visanduku 24 vilivyopigwa rula kwa uangalifu. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na mchoro wa penseli, na chini yake maneno mawili matatu: nani anasema, sauti gani inasikika, sekunde ngapi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana anayetolewa kijijini kwenda kufanya kazi za ndani mjini Dar es Salaam. Ni hadithi ambayo watu wa Iringa tunaifahamu vizuri mno.

Nikafanya nini? Nikachukua kalamu nyekundu mkobani. Kisanduku cha 3 kilionyesha stendi ya mabasi, na katikati yake mwanamke mwenye mkoba mkubwa kupita kiasi, kichwa chake kimekatwa na mstari wa juu. Nikaandika: "Mkoba mkubwa kuliko mtu! Kichwa kiko wapi?" Kisanduku cha 12 kilikuwa na msimulizi amesimama pembeni akisema kuwa miaka miwili imepita. Nikaandika: "Hii ni video, si jukwaa." Kisanduku cha 19 hakikuwa na mtu, ila mlango uliofungwa na maneno "sekunde 10, kimya". Nikaandika: "Mtu yuko wapi? Futa." Nilipomaliza nilikuwa nimeandika mambo kumi na moja, na sikuwa nimesema hata moja lililonipendeza.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, shangazi," akalifunga daftari, akalipeleka chumbani. Wakati wa chakula hakulitaja tena. Wifi yangu, ambaye hana tabia ya maneno mengi, alisubiri mtoto alale, akaniambia, "Wifi, yule amechora wiki tatu. Umemnyamazisha kwa robo saa."

Sikulala vizuri usiku ule.

MICHORO YA HADITHI NI NINI?

Kabla hatujaendelea, yafaa tukielewe kitu chenyewe, maana wazazi wengi watakutana nacho. Siku hizi simu ya mkononi imekuwa kamera ya kila mtu, na walimu wa maigizo hawaishii tena kwenye jukwaa la bwalo la shule.

Michoro hiyo, ambayo wenye kazi hiyo huiita storibodi, ni mpango wa filamu uliochorwa. Kila kisanduku ni picha moja itakayoonekana machoni pa mtazamaji. Mchoraji anaamua mapema kamera isimame wapi, mbali au karibu, juu au chini. Nani aonekane na nani asikike tu. Picha ikae muda gani. Faida yake ni kwamba makosa hufanyika kwenye karatasi, ambako kifutio kinatosha, badala ya kufanyika siku ya kupiga picha, wakati waigizaji wana njaa na betri ya simu inakwisha.

Ufundi huu ulipata umbo lake katika karakana ya katuni za Walt Disney nchini Marekani miaka ya mwanzo ya 1930. Wachoraji walibandika michoro yao ukutani kwa pini, ili waweze kuona hadithi nzima kwa mara moja na kuhamisha kipande kinachochelewesha mwendo. Huko India, Satyajit Ray, aliyekuwa mchoraji wa matangazo ya biashara, aliichora filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, picha kwa picha kabla ya kuipiga. Ilitoka mwaka 1955 na kumfanya ajulikane duniani. Naye Akira Kurosawa wa Japani alizichora kwa rangi filamu zake za uzeeni, Kagemusha ya mwaka 1980 na Ran ya mwaka 1985.

Ni kweli kwamba Ray na Kurosawa walijua kuchora. Lakini michoro ya hadithi haidai ufundi huo. Watu wa vijiti, wenye duara kwa kichwa, wanatosha kabisa. Kinachotafutwa ni fikira: mtazamaji aone nini, na aone sasa au baadaye. Mtu anayeisahihisha kama mtihani wa sanaa za uchoraji, kama nilivyofanya mimi, anapima kitu ambacho hakikuletwa kupimwa.

KUTOKA JUKWAANI HADI KWENYE KAMERA

Nchi yetu ina hazina kubwa ya maigizo, na si ajabu mwanafunzi akaanzia huko. Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969, na Mashetani mwaka 1971. Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kwa jina la Mlama, aliandika Hatia, na baadaye Nguzo Mama na Lina Ubani. Amandina Lihamba, katika Hawala ya Fedha iliyochapishwa mwaka 1980, aliichukua hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal, ambayo Sembene mwenyewe alikuwa amekwisha kuifanya filamu mwaka 1968, akaileta kwenye jukwaa la Kiswahili. Kwa hiyo hadithi kuvuka kutoka chombo kimoja hadi kingine si jambo geni kwetu. Hata katika filamu za video za miaka ya 2000, wasanii kadhaa walitoka katika vikundi vya maigizo; marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alitokea kikundi cha Kaole.

Hata hivyo, kuvuka kuna ushuru wake. Jukwaani mtazamaji ameketi mahali pamoja, anaona mwili mzima wa mwigizaji, na sauti lazima imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Ndiyo maana mwigizaji wa jukwaani hupanua mikono na kupaza maneno. Kamera inaweza kusogea mpaka ikaona jasho puani. Mkono uliopanuliwa jukwaani, ukiletwa karibu, huonekana kama ugomvi. Jukwaani mtu husema, "Nina huzuni." Kwenye video inatosha vidole vikaonekana vikikunja ncha ya kanga.

Lipo jambo jingine ambalo wanaoanza hulikosea. Watu wawili wakizungumza, chukulia kwamba kuna mstari wa kufikirika unaowaunganisha. Kamera ikae upande mmoja wa mstari huo. Ikiruka kwenda upande wa pili bila sababu, mtu aliyekuwa akitazama kulia ataonekana anatazama kushoto, na mtazamaji atadhani wamepeana migongo. Hili lilikuwa kosa la kweli katika daftari la binti yetu, visanduku vya 7 na 8, na katika mambo yangu kumi na moja sikuliona hata kidogo. Nilikuwa nimeshughulika na mkoba.

Lakini si kila kilicho cha jukwaani kitupwe. Niliandika kwa wino mwekundu kuwa msimulizi hafai katika video. Nilikosea. Msimulizi ni urithi wa hadithi zetu za jioni, na katika Nguzo Mama Bi Msimulizi ndiye anayetushika mkono tangu mwanzo. Swali la haki ni hili: je, msimulizi anatuambia jambo ambalo picha haituambii? Akisema "mvua ilinyesha" nasi tunaiona mvua, amekaa bure. Akisema jambo ambalo mhusika analificha, hapo ana kazi.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Usiku ule, nikiwa nimejifunika mablanketi mawili, nilijaribu kukumbuka niliyowahi kuyasoma juu ya kumsahihisha mwanafunzi.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alitoa matokeo ya uchunguzi wake miongoni mwa watoto wa shule huko Israeli. Baadhi walipewa alama peke yake, baadhi maelezo peke yake, na baadhi alama pamoja na maelezo. Waliopata maelezo peke yake ndio waliosonga mbele na kuendelea kuipenda kazi. Waliopata alama pamoja na maelezo hawakufaidi maelezo yale, kwani mtoto akishaiona alama anasahau kusoma yaliyoandikwa chini yake. Wino wangu mwekundu haukuwa na tarakimu, lakini ulikuwa alama.

Mwaka 1990 mbunifu wa uchezaji wa Marekani, Liz Lerman, alitunga utaratibu wa kumjibu msanii ambaye kazi yake haijakamilika. Una hatua nne. Kwanza, watazamaji wanasema ni nini kimewagusa au kimebaki akilini mwao. Pili, msanii mwenyewe anauliza maswali juu ya kazi yake. Tatu, watazamaji wanamwuliza maswali ambayo hayana hukumu ndani yake. Nne, mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: "Nina maoni juu ya mlango, ungependa kuyasikia?" Naye msanii ana haki ya kusema, "La, bado."

Huna haja ya kwenda mbali kuupata mwenendo kama huo. Hapa kwetu, huko Malya katika Mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wakayachunguza pamoja nao matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, na wanakijiji wenyewe wakayaigiza na kuyajadili. Kisha mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hutaja tatizo lao, hulichambua, hulitungia mchezo, huuonyesha, na baada ya maonyesho huanza mazungumzo: sasa tufanye nini? Jina lenyewe linaeleza shabaha. Msichana aseme. Na mimi, ndugu msomaji, nilikuwa nimekutana na msichana aliyeanza kusema, nikamsahihisha mwandiko.

ASUBUHI YA PILI

Asubuhi nilimwomba radhi, nikamwomba na daftari. Alilileta, ingawa hakuliweka mapajani mwangu kama jana. Alilishika mwenyewe.

Nilianza na lililonigusa. Nilimwambia kwamba usiku kucha sikuweza kuusahau ule mlango wa kisanduku cha 19. Akaniangalia kidogo, kuona kama namdhihaki.

Nikamwuliza kama ana swali lolote kwangu. Alikuwa nalo. "Kati ya kisanduku cha 12 na cha 13, shangazi, inaeleweka kwamba muda umepita?" Nilimjibu kwa kweli: kwa maneno ya msimulizi inaeleweka, lakini kwa macho haionekani. Tulikaa kimya. Mwisho alisema mwenyewe, "Nitachora ndala. Cha 12 ndala mpya. Cha 13 ndala zilezile, kisigino kimetoka nje." Singaliweza kumpa wazo zuri kama hilo. Ningalimpa jibu langu, angalichora langu, na ndala zile zisingalizaliwa.

Ndipo nikafika kwenye maswali yasiyo na hukumu. Nilimwuliza, "Ulikuwa na fikira gani ulipouchora mkoba huu?"

Alisita. Aliangalia mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo nilivyouona, shangazi. Nilikuwa mdogo. Mkoba ulikuwa sawa na uso wangu. Uso wako sikuuona."

Uso wako.

Sasa, msomaji, lazima nikueleze jambo ambalo nimelichelewesha. Binti huyu ana dada. Mwaka 2014 dada yake alikuwa na miaka 13, amemaliza darasa la saba, na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu, nimepata kazi Dar es Salaam, na ninafahamiana na familia moja iliyohitaji msichana wa kazi. Nilikuja Iringa nikamchukua. Tulipanda basi katika ile stendi ya zamani ya mjini, kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Igumbilo. Mdogo wake alikuja kutusindikiza, ameshika upindo wa nguo ya mama yake. Niliamini kwamba nafanya wema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, ilikuwa imekwisha kuwapo miaka mitano. Mimi mwandishi wa habari sikuifungua.

Alikaa miaka miwili. Nilimtembelea mara tatu, kila mara sebuleni, na kila mara aliniambia hajambo. Alirudi Mlandege mwaka 2016, mwaka ule ule ada ya sekondari ilipoondolewa, akiwa hataki kusikia habari ya shule. Leo ni fundi cherehani, hushona katika baraza ya jirani. Sikuwahi kumwuliza miaka miwili ile ilikuwaje. Nilikuwa nimejiridhisha kwa lile "hajambo".

Mdogo wake alikuwa amemwuliza. Kisanduku cha 19 kilitoka huko. Msichana wa hadithi hulala jikoni, na mlango hufungwa kwa nje.

Basi nikaelewa kwa nini kalamu yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye mkoba na mlango. Nilikuwa nimejitambua kabla sijajua kwamba nimejitambua. Mara nyingi ukali wetu juu ya kazi ya mtoto hautokani na upungufu wa kazi. Unatokana na kitu ambacho kazi imekigusa ndani yetu. Mtu akijiona anachukia mchoro kuliko mchoro unavyostahili, aweke kalamu chini, ajiulize.

Na tazama jinsi "kosa" lile lilivyokuwa ufundi. Stendi nzima ilichorwa kutoka urefu wa mtoto wa miaka mitano: magoti, magurudumu, mkoba, na juu kabisa mwanga. Kamera ikishushwa mpaka kiunoni mwa watu, mtazamaji mwenyewe atakuwa mtoto. Nilimwomba ruhusa ya kutoa maoni, akanipa. Nikamwambia: visanduku vyote vya stendi vichorwe kutoka urefu huo huo, visichanganywe, na nyuso za watu wazima zisionekane kamwe. Na pale kwenye visanduku vya 7 na 8, kamera isiruke mstari. Aliandika yote mawili, kwa penseli yake mwenyewe.

HADITHI NI YA NANI?

Palibaki swali moja, zito kuliko yote. "Dada yako ameiona?" nilimwuliza.

Hakuwa ameiona. Shuleni walikuwa wameigiza mchezo, lakini dada hakuwapo, na maigizo yana rehema yake: taa zikizimwa, kimekwisha. Video haizimiki. Inatoka simu hii kwenda simu ile, inavuka Mlandege, inafika kwa watu ambao hawakukusudiwa, na haiwezi kuitwa irudi. Mtoto anayehamisha hadithi ya mtu kutoka jukwaani kwenda kwenye video anaongeza uzito wake mara nyingi, na aghalabu hakuna mtu mzima anayemwambia hivyo. Hili ndilo swali la kwanza ambalo mwalimu au mzazi angepaswa kuuliza, kabla ya habari ya kamera na mistari.

Tulimwita. Alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, akaketi kwenye kigoda, akafungua daftari. Alitazama kisanduku kimoja baada ya kimoja bila kusema. Mdogo wake alikuwa akitetemeka, na si kwa baridi. Alipofika cha 19 aliweka kidole.

"Umesahau dirisha," alisema. "Juu ya mlango palikuwa na kidirisha cha wavu. Usiku mwanga wa taa ya barabarani ulipita pale. Ndio niliokuwa nikiutazama."

Mdogo wake akachukua penseli, akachora dirisha.

Akaendelea mpaka cha 22. Humo baba wa msichana anahesabu noti. Hapo alifunga mdomo muda mrefu. "Hiki kitoe," alisema.

"Lakini dada, ndiyo kweli."

"Ni kweli yangu. Siku nikitaka kuisema, nitaisema mwenyewe."

Nilimwona mdogo akipigana na nafsi yake, kwa kuwa kisanduku kile kilikuwa kimechorwa vizuri kuliko vingi. Kisha akakipiga mstari mmoja mwembamba. Hakukifuta; alikipiga mstari. Vikabaki 23.

Nami nilimwambia yule mkubwa neno ambalo nilipaswa kumwambia tangu mwaka 2016. Sitaliandika hapa, maana lilikuwa lake. Alilisikiliza, akakunja futi yake, akasema, "Nimesikia, shangazi." Hakusema zaidi, na sikuwa na haki ya kudai zaidi. Alirudi kwenye cherehani yake.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Sasa, ndugu msomaji, turudi kwako. Siku mtoto atakapokuletea michoro, shairi, insha au mchezo, jaribu utaratibu huu, ambao nimeulipia.

Kwanza, tazama mpaka mwisho kabla hujafungua kinywa, na kalamu ikae mbali. Kazi ya mtoto ishikwe na mtoto.

Pili, anza na kimoja kilichokugusa, ukitaje kwa jina. "Nzuri sana" haimsaidii. Ni kama kumpa mgeni sahani tupu. "Ule mlango sikuusahau" kunamwambia kwamba alichokusudia kimefika.

Tatu, mwachie aulize. Atakuonyesha mwenyewe mahali anapopashuku, na pale ndipo masikio yake yako wazi.

Nne, kitu kinachokuonekea kosa, kiulizie kwanza. Nusu ya makosa ya watoto ni makosa kweli. Nusu nyingine ni mambo ambayo mtu mzima hakuyaona kwa sababu ya urefu wake.

Tano, ukisahihisha, sahihisha mawili, si kumi na moja. Chagua yale ambayo yakitengenezwa, kazi nzima itasogea. Mistari iliyopinda na vichwa vikubwa vitajirekebisha kwa mazoezi.

Sita, hadithi ikiwa ya mtu aliye hai, mwenye hadithi aulizwe, na jibu lake liheshimiwe hata likiwa "hapana". Wengine husema kwamba hivyo ni kumfunga msanii. Mimi nimeona kinyume. Bila yule dada, lile dirisha lisingalikuwapo.

Na saba, ukikosea, rudi. Mtoto aliyenyamazishwa jioni anaweza kufunguliwa asubuhi, lakini asubuhi hiyo haiji yenyewe. Ni lazima mtu mzima aamke ailete.

Nilipoondoka Mlandege, binti alinisindikiza. Klabu yao ilikuwa imepanga kupiga picha wakati wa likizo, kwa simu moja ya kuazima, na siku moja tu ya kwenda stendi. Tulipokuwa tukisubiri gari alinitazama kwa chati, kama mtu anayetaka kuomba jambo na kuogopa jibu.

"Shangazi," alisema, "ule mkoba bado unao?"

Nilimwambia ninao, umechakaa.

"Utakuja nao? Uso hautaonekana."

Nilimjibu kwamba nitakuja. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini.